Umeambiwa una kisukari: sahani, kukata wanga au kufunga?

Siku niliyoambiwa nina kisukari nilitoka kliniki na pakiti ya metformini, kidonge cha kushusha sukari, karatasi iliyoandikwa sukari ya damu 13.2 (milimoli kwa lita, kama vipimo vyote vya kidole humu), na sentensi moja ya nesi aliyekuwa na foleni ndefu mlangoni: "Punguza wanga, acha sukari." Nilipofika nyumbani sentensi hiyo ikageuka mkutano wa ukoo. Wifi yangu akasema niache sembe nile dona. Shangazi akasema dona nayo si ni mahindi tu, nihamie ulezi. Jirani akaleta chupa ya asali, eti sukari ya nyuki haina neno. Mume wangu, ambaye si mtu wa maneno mengi, akauliza swali ambalo hadi leo naona lilikuwa la maana kuliko yote: "Sasa tutakuwa tunapika sufuria mbili?"

Naandika kwa aliye kwenye wiki hiyo ya kwanza, mwenye kisukari cha aina ya pili, ambacho ndicho cha watu wazima walio wengi. Mwenye aina ya kwanza anaishi kwa insulini. Huyo asichague chochote humu kabla hajakaa na daktari wake.

Sembe, dona au ulezi? Tulimalize hili kwanza

Asubuhi ya tatu niliutii ushauri wa shangazi. Nikapika uji wa ulezi, nikatia kijiko cha asali ya jirani, nikanywa kikombe cha bati cha nusu lita. Kabla ya kunywa, mashine ya kupima sukari ilisoma 9.1. Saa mbili baadaye ikasoma 16.4. Nikajua imeharibika tu. Nikanawa mikono kwa sabuni, nikakausha vizuri, nikatoboa kidole kingine: 16.2.

Mashine haikuwa na kosa. Gramu 100 za unga wa ulezi zina wanga wa gramu 72 hivi, na unga wa mahindi, uwe dona au sembe, uko kati ya 74 na 79. Tofauti hiyo ni ndogo kuliko tofauti ya bonge la ugali la mume wangu na langu. Tena nafaka ikishasagwa laini na kuchemshwa ikawa uji, tumbo halina kazi kubwa ya kuivunja, sukari yake inaingia kwenye damu mbio. Na ile asali? Kijiko kimoja cha chakula kina sukari kama gramu 17. Nyuki amebadilisha ladha tu.

Sisemi dona na ulezi havina faida. Vina nyuzinyuzi kuliko sembe, vinakaa tumboni, na ulezi una kalsiamu nyingi ajabu, zaidi ya miligramu 300 kwa gramu 100. Kwa kipimo kilekile, mimi nachagua dona kuliko sembe bila kusita. Ila neno "kwa kipimo kilekile" ndilo wanaloliruka washauri wote, halafu mtu anakula dona mlima mzima kwa amani.

Hesabu zangu za jikoni ni hizi, kwa kukadiria:

| Chakula | Kiasi | Wanga (gramu) |
|---|---|---|
| Ugali, dona au sembe | uliotokana na kikombe kimoja cha unga | 90 |
| Wali | kikombe kimoja ulioiva | 45 |
| Chapati | moja, kilo ya unga ikitoa chapati 15 | 50 |
| Viazi vitamu vya kuchemsha | gramu 200 | 35–40 |
| Muhogo wa kuchemsha | gramu 200 | 60–75 |
| Maharage yaliyoiva | kikombe kimoja | 40, nyingi zikiwa za taratibu |
| Soda | chupa ya mililita 350 | 37 |

Angalia chapati. Watu wanaikwepa soda kama ukoma halafu asubuhi wanashushia chapati mbili kwa chai isiyo na sukari.

Utasikia pia habari ya fahirisi ya glaisemia, yaani kasi ya chakula kupandisha sukari ikilinganishwa na glukosi yenyewe, iliyopewa 100. David Jenkins na wenzake wa Toronto, Kanada, ndio walioichapisha mwaka 1981. Katika majedwali ya kimataifa wali mweupe uko kwenye 73, viazi vitamu vya kuchemsha 63, maharage 24. Ni namba nzuri ya kujua, lakini usiiabudu: tikiti maji lina 76, limeupita wali, na bado kipande cha gramu 120 kina wanga wa gramu 9 tu kwa sababu tikiti karibu lote ni maji. Kiasi kwanza, kasi baadaye.

Njia ya sahani

Hii ndiyo kliniki nyingi hufundisha, zikipata muda wa kufundisha. Chukua sahani bapa yenye upana wa sentimita 23. Nusu yake iwe mboga: mchicha, matembele, kisamvu, bamia, kabichi, bilinganya, nyanya chungu, kachumbari. Robo iwe kitoweo: samaki, dagaa, kuku, mayai, nyama isiyo na mafuta mengi, kunde. Robo iliyobaki ndiyo ya wanga.

Inaonekana rahisi mpaka uitazame sahani ya kwetu. Sahani yetu imekaa kinyume: ugali robo tatu, kitoweo kipande, na mboga ya kusukumia tonge. Wiki ya kwanza nilipakua ugali kwanza kwa mazoea, kisha nikatafuta pa kuweka mboga. Haikuwezekana. Nikageuza mpango: mboga inaingia kwanza hadi ifunike nusu, kitoweo kinafuata, halafu ugali unapata nafasi iliyosalia, ambayo ni kama ngumi yangu. Na ninaanza kula kwa mpangilio huohuo. Kutanguliza mboga na kitoweo, wanga ukaja mwisho, hupunguza kile kilele cha sukari baada ya mlo. Jambo hilo limepimwa kitaalamu, nami nimeliona kwenye kidole changu.

Maharage huwachanganya watu. Yana protini na yana wanga pia. Mimi nayahesabu kama kitoweo, na siku hiyo ngumi ya ugali inakuwa ngumi ya mtoto.

Uzuri mkubwa wa njia hii ni kwamba inajibu swali la mume wangu. Sufuria ni moja, nyumba nzima inakula chakula kilekile, mgonjwa hatengwi. Hakuna cha kununua supamaketi. Ni salama pia kwa karibu kila mtu, hata anayetumia dawa nyingi, kwa kuwa wanga haupotei ghafla.

Udhaifu wake uko kwenye vyakula visivyogawanyika. Pilau, makande, futari ya muhogo wa nazi: robo iko wapi hapo? Hapo sahani haina msaada, tumia ngumi. Kwa mama ntilie nako kuna kazi. Mimi husema mapema kabla mwiko haujazama: "Dada, wali nusu, mboga mbili, mchuzi usinimwagie." Wapo wanaonitoza mboga ya pili. Nalipa.

Halafu inakwenda polepole. Ukiwa umeanza na 13 usitegemee wiki mbili. Kipimo cha damu cha HbA1c kinaangalia wastani wa sukari wa takriban miezi mitatu, na ndiyo subira inayotakiwa.

Kukata wanga

Hii ndiyo yenye kelele nyingi mitandaoni, na nitasema ukweli: ndiyo inayoshusha namba haraka. Kwa kawaida mlo wa wanga kidogo ni ule usiozidi gramu 130 kwa siku. Walio wakali hushuka hadi kati ya 20 na 50, maana yake hakuna ugali, wali, chapati, viazi, ndizi, wala matunda mengi. Nilijaribu huo mkali. Siku ya nne asubuhi mashine ilisoma 6.8 nikamwonyesha kila mtu ndani ya nyumba hadi mtoto wa miaka saba.

Siku ya kumi ilikuwa shughuli ya mtoto wa shangazi. Pilau ilipopita na harufu yake ya bizari, sikuwa na ubavu. Sikula kidogo, nikala kama mtu aliyetoka kifungoni.

Nilipokuja kusoma nikaona siko peke yangu. Mwaka 2021 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha uchambuzi wa majaribio mengi ya mlo wa wanga kidogo kwa wenye kisukari cha aina ya pili. Baada ya miezi sita, waliokata wanga walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kushuka chini ya kiwango cha kisukari kuliko waliofuata milo mingine. Baada ya miezi 12 sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilikuwa imeyeyuka.

Gharama ni jambo la pili. Unapouondoa ugali lazima kitu kingine kishibishe, na kitu hicho ni samaki, nyama, mayai, parachichi, karanga. Dagaa na mayai huokoa, lakini kwa nyumba ya watu watano bado ni sufuria ya pili, na sufuria ya pili ndiyo ya gharama.

La tatu ndilo zito, nalo ni dawa. Metformini peke yake kwa kawaida haishushi sukari kupita kiasi. Glibenklamidi na insulini zinashusha. Ukimeza glibenklamidi kama ulivyoandikiwa siku ulizokuwa unakula ugali, halafu ukaufuta ugali, dawa inabaki na kazi ileile huku chakula hakipo: mwili unatetemeka, jasho jembamba, moyo mbio, maneno yanachanganyika. Chini ya 4 ni hatari. Kunywa nusu chupa ya soda ya kawaida, au vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari kwenye maji, subiri dakika 15, pima tena. Wanaotumia dapagliflozini au empagliflozini, vidonge vinavyotoa sukari kwa njia ya mkojo, wana hatari ya namna nyingine. Mlo mkali usio na wanga unaweza kuwaletea asidi ya ketoni kwenye damu hata mashine ikionyesha sukari ya kawaida. Kichefuchefu, kutapika na kuhema kwa nguvu si mambo ya kusubiri kesho. Mwenye shida ya figo na mjamzito wasiiguse njia hii bila daktari.

Kwa hiyo sikatai njia hii, nakataa ukali wake. Kati ya gramu 100 na 130 kwa siku panaishika: ngumi ya ugali mchana, nusu kikombe cha wali au kipande cha kiazi usiku, tunda moja, maharage. Ukitazama vizuri utaona ni njia ya sahani ileile, imebanwa kidogo.

Kula kidogo sana kwa miezi michache

Nalipitia haraka kwa sababu watu wengi wamelisikia nusunusu: "Kisukari kinapona kwa mlo." Chanzo chake kikubwa ni utafiti wa DiRECT wa Uingereza, ulioongozwa na Roy Taylor wa Newcastle na Mike Lean wa Glasgow, matokeo yake yakatoka Desemba 2017. Washiriki waliwekwa kwenye vinywaji maalumu vya kalori kama 850 kwa siku, miezi mitatu hadi mitano, chini ya uangalizi, dawa za sukari zikisimamishwa. Baada ya mwaka, asilimia 46 walikuwa chini ya kiwango cha kisukari bila dawa, dhidi ya asilimia 4 ya waliopata matibabu ya kawaida. Kati ya waliopungua kilo 15 na zaidi ilikuwa asilimia 86. Mwaka wa pili ile 46 ikawa 36.

Ni habari njema kwa mnene aliyegundulika karibuni, na hata kwetu ujumbe wa kilo una nguvu. Lakini walikuwa watu wazito, waliokuwa na kisukari chini ya miaka sita. Na wenyewe wanasema kisukari kimetulia, hawasemi kimepona: uzito ukirudi nacho kinarudi. Kwetu wapo wengi wanaogundulika wakiwa wembamba. Mwaka 2025 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari, IDF, lilitambua rasmi aina ya tano, inayohusishwa na utapiamlo wa tangu utotoni. Mtu mwembamba ambaye suruali zinamlegea halafu anajinyima chakula anajimaliza.

Kufunga

Hapa kuna mambo mawili yanayoitwa jina moja. Kuna kufunga kwa ratiba, kula ndani ya saa nane na kukaa saa kumi na sita bila kula. Faida yake kubwa inatokana na kwamba unakula kidogo kwa jumla. Anayeruka chai ya asubuhi yenye maandazi manne atafaidika. Anayefidia usiku hatafaidika. Onyo la glibenklamidi na insulini linasimama palepale.

Kisha kuna saumu ya Ramadhani, ambayo si njia ya kushusha sukari, ni ibada, na ukanda wetu wa pwani hauwezi kuzungumza mlo bila kuigusa. Mwongozo wa IDF na DAR (muungano wa wataalamu wa kisukari na Ramadhani) wa mwaka 2021 unashauri umwone daktari wiki sita hadi nane kabla ya mwezi kuandama, apime hatari yako na kupanga upya saa na vipimo vya dawa. Wako ambao jibu lao litakuwa usifunge, na sheria ya dini imewapa ruhusa. Kutoboa kidole kupima sukari hakubatilishi saumu. Sukari ikiwa chini ya 3.9 au juu ya 16.6, unafungua, hata adhana ikiwa imebaki nusu saa.

Hatari nyingine iko mezani jioni. Meza ya futari ya kwetu ina uji, muhogo, viazi vitamu, tambi za sukari, vitumbua, kaimati, sharubati: wanga juu ya wanga. Ramadhani yangu ya kwanza nilifungua kwa tende moja na maji, nikaswali, nikarudi kwenye supu na samaki, halafu nikachagua kitu kimoja tu kati ya muhogo, kiazi na tambi. Kimoja. Mama mkwe alinisikitikia hadi mwezi ukaisha.

Mwamuzi yuko kidoleni

Ushindani wa dona na ulezi, wa wali na chapati, nyumbani kwangu haumalizwi tena na mkutano. Unapima kabla ya kula, unapima saa mbili tangu tonge la kwanza. Kwa watu wazima wengi lengo ni kati ya 4.4 na 7.2 kabla ya kula, chini ya 10 baada ya saa mbili, na HbA1c chini ya asilimia 7. Mzee au mtu mwenye maradhi mengine anaweza kupewa lengo lililolegea. Stripu, vile vijikaratasi vya kuwekea tone la damu, ni ghali kuliko mashine yenyewe ukijumlisha, kwa hiyo usizitawanye. Mimi hutumia jozi mbili kwa wiki, kila jozi kwa chakula kimoja ninachotaka kukijua. Hivyo nimejua kwamba makande ya ngumi mbili yananipandisha kwa 2.1, na wali wa kiasi hicho kwa 4 na ushei. Wako unaweza kuwa kinyume. Kutembea dakika 15 baada ya kula nako kunaonekana kwenye mashine, na ni bure.

Mlonge, karela, mdalasini: weka kwenye chakula ukipenda, lakini usimwache daktari asijue, na usiache vidonge kwa ajili yake.

Kwa hiyo nani achukue ipi

Anayeanza leo, anayekula na familia, bajeti ya kawaida, dawa zozote: sahani. Anayetumia metformini tu au hana dawa, ana uzito wa ziada na nidhamu yake haiyumbi kwenye shughuli: sahani iliyobanwa hadi gramu 100 na kitu, apime mara kwa mara. Anayetaka kwenda chini ya hapo, au kushusha kilo nyingi kwa miezi michache, abebe maboksi yote ya dawa zake na daftari la vipimo aende kwa daktari kabla ya kuanza, si baada ya kuanguka. Mwembamba anayezidi kupungua asichague mlo wowote kwanza. Atake kujua ni kisukari gani.

Mimi nilibaki na sahani, nikaibana siku za kazi. HbA1c iliyokuwa 9.8 ilifika 7.2 baada ya miezi sita, na kilo sita zimeondoka.

Na sufuria zilibaki idadi ileile. Mfuko wa unga wa kilo tano uliokuwa unatuishia kwa siku nne sasa unafika siku ya saba, kwa sababu mume wangu naye ugali wake umepungua bila kuambiwa. Mchicha ndio umepanda, kutoka mafungu mawili hadi matano kwa siku, na muuza mboga wa pale kona ananiuliza kama nimefungua hoteli.